Nyimbo za Kanisa Zahamia Ukutani

Msomaji, ukiingia siku ya Jumapili katika makanisa mengi ya miji yetu, kuanzia Mombasa na Malindi hadi Nairobi na Kisumu, aghalabu hutawaona watu wameinama juu ya vitabu vya nyimbo kama zamani. Wameinua vichwa. Wanatazama ukutani, mahali palipotundikwa kitambaa cheupe, na hapo maneno ya wimbo yanakuja na kuondoka, yakirushwa na mtambo uitwao projekta ambao nao unayapokea kutoka kwa kompyuta. Nyuma ya waumini wote, karibu na mlango, ameketi kijana mmoja ambaye hasimami wala haimbi sana. Kidole chake ki juu ya kitufe. Akikibonyeza mapema, umati unachanganyikiwa, akichelewa, unanyamaza. Kasisi ana joho lake na mwalimu wa kwaya ana mkono wake wa kuongozea, lakini wakati wa nyimbo mwenye amri ni kijana huyu, na jina lake halitajwi hata katika matangazo.

Mtauliza, ya kanisani yananihusu nini mimi niliyesomea chuoni kwa ubao na Juzuu Amma? Yananihusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi yangu ni mashairi, na wimbo wa dini, uwe wa kanisani au wa maulidini, ni shairi lililopewa sauti. Ya pili ni ujirani. Jirani yangu hapa Mombasa, Mtaita wa upande wa Wundanyi, ni mwalimu wa kwaya, na tangu kanisa lao liliponunua projekta amekuwa akinibishia hodi Jumamosi baada ya sala ya isha, kompyuta kwapani, akisema, "Ustadhi, hebu nitazamie Kiswahili hiki kabla sijaaibika mbele za watu." Nami humjibu, "Karibu Mwalimu, Kiswahili hakina dini." Tukakaa barazani, yeye akafungua mashine yake, mimi nikavaa miwani yangu.

Mashine hiyo haikuanzia kanisani. Programu inayojulikana zaidi, PowerPoint, ilitungwa huko California na Robert Gaskins na Dennis Austin katika kampuni ndogo iliyoitwa Forethought, ikatolewa 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Mwaka huo huo Microsoft iliinunua kampuni yenyewe kwa dola milioni 14. Waliokusudiwa ni wafanyi biashara: mtu aweze kuonyesha bei na faida mbele ya wakubwa wake bila ya kumwendea mchoraji. Siku zile kurasa zake zilichapishwa juu ya plastiki inayopenya nuru, kisha zikawekwa juu ya mtambo wenye taa na kioo. Toleo la 1992 ndilo lililoiwezesha kompyuta kuzirusha kurasa hizo moja kwa moja. Makanisa ya Marekani na Uingereza yalikuwa yamekwisha kuzoea plastiki hizo kabla ya hapo, maneno ya nyimbo yakiandikwa juu yake kwa mkono, kwa hivyo kompyuta ilipofika ilikuta njia imekwisha fyekwa.

Leo ziko programu zilizotengenezwa makusudi kwa ibada, kama EasyWorship, ProPresenter na OpenLP, na hii ya mwisho hutolewa bure. Ubora wake ni kwamba mhubiri akiuzusha wimbo ambao haukupangwa, kijana hupiga chapa maneno mawili matatu ya mwanzo, wimbo ukatokea. Mwenye PowerPoint hana budi kulitafuta faili, na huku watu wamefika ubeti wa pili. Jirani yangu anatumia PowerPoint kwa kuwa ndiyo aliyoikuta ndani ya kompyuta.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kitabu mkononi ndiyo asili ya mambo. Mwongozo wa ibada uliopitishwa na Bunge la Uingereza mnamo 1645 uliagiza kwamba mahali ambapo wengi hawajui kusoma, mtu anayefaa ausome utenzi wa zaburi mstari kwa mstari, watu wauimbe baada yake. Desturi hiyo haijafa. Ipo hadi leo katika milima ya Kentucky, Marekani, kwa madhehebu ya Wabaptisti wa kale, na katika kisiwa cha Lewis huko Uskochi, ambako zaburi huimbwa kwa Kigaeli. Na sisi watu wa pwani hatuwezi kuiona kuwa ni kitu kigeni, maana ngoma zetu, kasida zetu na hata kazi za baharini, zote zina mtoaji na waitikiaji. Wimbo ulikuwa kinywani mwa mtu kwanza, ukaja kitabuni, sasa uko ukutani, na kila ulipohama kuna kilichopatikana na kilichoachwa njiani.

Haki itendeke: ukuta umeleta faida ambazo hakuna mwenye insafu atakayezikana. Mikono imekuwa huru, na Mwafrika aimbaye bila ya kupiga makofi amefungwa nusu ya wimbo wake. Mzee ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo za kitabu huona herufi zenye ukubwa wa kiganja. Mgeni haaibiki kwa kukosa kitabu. Zaidi ya hayo, kanisa la jirani yangu lina Wataita, Wagiriama, Wakamba na Wajaluo. Zamani kila mmoja alikuja na kitabu cha lugha ya kwao au hakuja nacho kabisa. Sasa ubeti wa Kiswahili hufuatwa na wa Kidawida na wa Kigiriama, na Mjaluo aliyekaa safu ya nyuma huimba Kigiriama kwa sauti kuu bila ya kukijua. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu katika harusi ya binti wa jirani, na lilinipendeza.

Tatizo liko mahali pengine. Liko katika kuukata mstari.

Shairi la Kiswahili lina mizani na vina. Mstari wake una vipande viwili, ukwapi na utao, na baina yake pana pumzi. Hapo ndipo muimbaji anapotwaa hewa, na hapo ndipo maana inapotua. Kijana wa kompyuta, ambaye hakuna aliyemfundisha haya, huukata mstari pale upana wa ukuta unapomwishia. Nitoe mfano, na ili nisishtakiwe kwa kuuharibu wimbo wa watu, nautunga mwenyewe papa hapa:

Nasimama mlangoni, nabisha nifungulia,
Nimetoka safarini, miguu inaumia.

Kila kipande kina mizani nane, na vina ni "ni" na "a." Sasa tazama utakavyotokea ukutani kama mchapaji hajali:

Nasimama mlangoni, nabisha
Nifungulia nimetoka
Safarini miguu inaumia

Hakuna neno lililopungua wala lililozidi. Lakini yule maskini aliyekuwa akiomba mlango ufunguliwe sasa anasema "nifungulia nimetoka," na msikilizaji atauliza, ikiwa umetoka, wafunguliwa nini? Vina vimezikwa katikati ya mistari. Na zaidi ya yote, jicho linamwambia muimbaji apumue mahali pamoja na tuni inamwambia apumue pengine. Ukikaa nyuma ya kanisa unasikia wazi: nusu ya watu wanatwaa pumzi, nusu wanaendelea, na wimbo unachechemea kama mtu aliyevaa viatu visivyo pacha.

Kuna jambo jingine ambalo lugha nyingine huenda hazilijui kwa ukali huu. Mtindo wa sasa ni herufi kubwa na mistari michache, kwa hivyo ubeti wa mistari minne hukatwa pande mbili, au hata nne. Kiswahili ni lugha ya ngeli. Jina likitajwa katika mstari wa kwanza, vitenzi vyote vinavyofuata hulibeba kwa kiambishi tu. Ukurasa wa kwanza umetaja dhambi, ukurasa wa pili unasema "zimeoshwa, zimetupwa mbali." Ni nini zilizooshwa? Aliyechelewa kuinua kichwa atadhani ni nguo. Katika kitabu, jicho lingerudi juu kidogo likalikuta jina. Ukutani jina limekwisha kuondoka. Na tangu toleo la 2013, PowerPoint imekuwa ikifungua kurasa pana kama skrini za televisheni za siku hizi, basi vijana wamepata kishawishi kipya cha kuunganisha mistari miwili iwe mmoja ili nafasi isipotee.

Nimemwambia Mwalimu: ubeti mmoja, ukurasa mmoja. Kama herufi zitakuwa ndogo, punguza mapambo. Ile picha ya machweo na mawingu nyuma ya maneno haimsaidii mtu yeyote kuimba. Rangi moja ya giza na herufi nyeupe zatosha. Na kama lazima ubeti ukatwe, ukatwe mwisho wa mstari wa pili, pale ambapo fikira imetua, na kitufe kibonyezwe watu wakiwa katika neno la mwisho, si baada yake. Alikubali yote isipokuwa la machweo. Anasema vijana wanayapenda.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kama mtunzi. Nyimbo nyingi za makanisa yetu zilitafsiriwa zamani, zikavishwa tuni za Kizungu. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri. Neno la Kiswahili huwa na uzito katika silabi ya pili kutoka mwisho, hali tuni za Kiingereza mara nyingi hutaka uzito uanguke mwisho kabisa wa mstari. Ndiyo maana utawasikia watu wakiimba "Bwana" kana kwamba uzito wake uko katika "na," na masikio yetu yamekwisha kulizoea kosa hilo hata hatulisikii. Wale watafsiri, pamoja na wenyeji waliowasaidia ambao majina yao hayakuandikwa, walikabwa na idadi ya sauti za tuni. Walipoona neno limezidi waliomba msaada kwa washairi wa pwani, wakatumia silaha zetu za kufupisha: "mwanawe" badala ya "mwana wake," "alokuja" badala ya "aliyekuja," "i" badala ya "iko" au "ni." Kila mizani waliilipia.

Anakuja mchapaji wa leo, amesoma sarufi ya shuleni, analiona neno "mwanawe" analishuku. Analisahihisha: "mwana wake." Mizani tatu zimekuwa nne. Analiona "alokuja" analiandika "aliyekuja," na nne zikawa tano. Tuni haikuongezewa sauti, kwa hivyo Jumapili asubuhi watu mia mbili wanalazimika kumeza silabi moja, kila mmoja akimeza ile anayoitaka. Na anapoliacha neno kama lilivyo, mashine yenyewe haimwachi. Kompyuta iliyotayarishwa kwa Kiingereza, ukiandika "i" peke yake, huigeuza papo hapo iwe herufi kubwa, kwani kwa Waingereza herufi hiyo ni "mimi." Basi pale mtunzi aliposema furaha i moyoni, ukutani pamesimama "I" kama mlingoti katikati ya mstari, na watoto wa shule za Kiingereza wanaisoma "ai." Nilipomwonyesha jirani yangu namna ya kuizima tabia hiyo ya mashine alinishukuru kama niliyemtoa mwiba.

Kuna na suala la majina ya watunzi. Huko Marekani lilifika mahakamani. Mwaka 1976 kampuni ya FEL, iliyokuwa ikichapisha nyimbo, ililishtaki jimbo kuu la Kikatoliki la Chicago kwa kunakiliwa nyimbo zake bila ya ruhusa; 1984 wazee wa baraza waliamua ilipwe zaidi ya dola milioni 3, ingawa mahakama ya rufani iliitengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo mwaka uliofuata. Sheria yao yaruhusu wimbo wa dini uimbwe ibadani bila ya malipo, lakini kuyanakili maneno yake ni shauri jingine. Mwaka 1988 kikaanzishwa katika jimbo la Oregon chombo kiitwacho CCLI, ambacho kanisa hukilipa ada kila mwaka kulingana na wingi wa watu wake, likapata idhini ya kunakili na kurusha maneno ya nyimbo nyingi, kwa sharti la kuandika jina la mtunzi na namba ya idhini chini ya wimbo.

Katika kurasa anazoniletea jirani yangu majina hayo hayapo. Si kwa ubaya. Aliyepiga chapa kwanza hakuyaweka, na waliofuata walinakili kwake. Sisi washairi wa Kiswahili tuliliona jambo hili zamani, ndiyo maana tangu kale mtunzi hulitia jina lake na la mji wake ndani ya beti za tamati, lipimwe kwa mizani na lifungwe kwa kina. Karatasi ikichanika jina halichaniki. Mtunzi wa wimbo wa kanisa hakufanya hivyo, kwa kuwa aliutegemea ukurasa wa kitabu umhifadhie. Sasa kitabu kimeachwa kabatini. Tumeshauriana na Mwalimu kwamba ukurasa wa mwisho wa kila wimbo uwe na jina la mtunzi na la mtafsiri, pale yanapojulikana, kwa herufi ndogo. Watu watakuwa wakiketi wakati huo, na hakuna atakayeudhika.

Vitabu vilivyoachwa kabatini vilikuwa na vitu vingine. Kwaya nyingi za Kenya na Tanzania zilijifunza kuimba sauti nne kwa noti za herufi, zile za do re mi, ambazo mwalimu Mwingereza John Curwen alizieneza katika karne ya 19. Baadhi ya vitabu viliweka noti hizo pamoja na maneno. Ukutani hakuna noti. Anayejua sauti ya tatu ataiimba. Asiyeijua atafuata sauti ya kwanza pamoja na umati, na mwanawe hataisikia kabisa.

Nirudi kwenye ubao, maana nimeutaja mwanzo na jirani yangu huniuliza habari zake. Chuoni kwetu tuliandika aya kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi juu ya ubao uliopakwa udongo mweupe. Mwalimu akisoma, sisi tukiitikia. Ubao uliruhusiwa kuoshwa siku ile tu ambapo aya zimekwisha ingia kifuani. Ukiuosha kabla, utaujua mkwaju. Huu ukuta wa nuru nao huoshwa, tena kila baada ya nusu dakika, lakini hakuna anayeuliza kama maneno yameingia popote. Silisemi hili kuwacheka Wakristo. Siku hizi hata maulidini utawaona vijana wetu wameshika simu wakisoma kasida ambazo baba zao walizighani wamefumba macho.

Wimbo wa ibada una kazi nyingine nje ya jengo la ibada. Mama mzazi wa jirani yangu alipofariki tulikwenda kumzika kwao. Kwaya nzima ilitoka Mombasa usiku kwa matatu mbili, tukapita Voi na Mwatate, tukapanda milima hadi kijijini asubuhi yenye ukungu. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba, kama ilivyo desturi yao. Jeneza lilipoanza kuteremshwa, vijana wakaanzisha wimbo ambao nimeyaona maneno yake barazani kwangu si chini ya mara kumi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, na kiitikio kikapanda mlimani. Ubeti wa pili ulianza kwa maneno matatu, kisha ukawa ni mvumo tu, midomo imefungwa. Nikaona vichwa vinainuka, vikatafuta ukuta, na mbele yao hapakuwa na kitu ila mgomba. Mmoja akatoa simu, mwingine naye, wakawa wanaipekua. Jirani yangu, ambaye ndiye mwalimu wao, alikuwa ameshika kamba ya jeneza na hakuweza kusema neno.

Dada yake marehemu alikuwa ameketi juu ya kigoda, kikongwe ambaye macho yake yamefunikwa na utando. Hakusimama. Aliutamka mstari wa pili kwa sauti kavu, kama asomaye orodha, kisha akanyamaza. Vijana wakauimba. Akatamka wa tatu, wakauimba. Hivyo hivyo mpaka ubeti wa tano, na udongo ukawa umekwisha jaa.

Watu walipokuwa wakinawa mikono ili wale, niliwaona wasichana watatu wa kwaya wamemzunguka yule bibi nyuma ya jiko, mmoja ana daftari. "Bibi, ubeti wa tatu ulikuwaje?" Aliwauliza kwanza kama wana kitabu nyumbani. Wakasema hawana. Akawatajia namba nne za nyimbo, kwa namba tu, kama zilivyokuwa zikitundikwa katika kibao cha kanisa lao la zamani, akasema hizo mtu asiolewe bila ya kuzijua. Kisha akaanza na ule wa kwanza, mstari mmoja mmoja, akingoja wauandike na waurudie kwa kinywa, ndipo akawapa mwingine.